Upande Safi wa Jua

Mwaka 2022, nikiwa na miaka sitini na sita, jua langu lilianza kusafika upande mmoja. Sikujua kwamba ni ugonjwa. Nilidhani ni jua lenyewe.

Naandika haya kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ambayo mistari yake nimeikoleza kwa kalamu nyeusi ili niione. Shule niliishia darasa la nne. Binti yangu Zuhura, ambaye ni mwalimu Urambo, amenirekebishia nukta na mikato, lakini maneno hajayagusa. Nimemkataza. Namwandikia yule ambaye leo anaambiwa na majirani, "Huyo ni mtoto wa jicho tu, subiri akomae." Mimi nilisubiri. Soma uone nilichovuna.

Mimi ni fundi baiskeli, hapa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nilianza na spana mbili na pampu ya kuazima, nimekalia kopo la rangi kando ya barabara. Leo nina duka. Hakuna aliyenishika mkono, na nikisema hivyo simtafuti mtu wa kunipongeza. Wakulima wa tumbaku kuanzia Urambo mpaka Ipole wamebebea mizigo yao juu ya magurudumu niliyoyanyoosha mimi. Kunyoosha ringi kuna namna yake: unafumba jicho la kulia, unatazama kwa la kushoto, unazungusha gurudumu polepole. Ringi ikicheza hata kwa unene wa ukucha, unaiona. Hivyo ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha, na hivyo ndivyo nilivyofanya kila kazi ya kulenga kwa miaka arobaini. La kushoto linafanya kazi, la kulia linapumzika. Liweke akilini hilo.

Kwenye mambo ya jua alinitia Kanti. Kanti ni Mhindi wa hapa hapa Tabora, kazaliwa hapa na baba yake kazaliwa hapa. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, nami nilikuwa nikinunua grisi kwake. Siku moja nikamkuta nyuma ya duka, ameelekeza darubini ndogo ya miguu mitatu kwenye jua la saa mbili asubuhi. Nikampigia kelele.

"Kanti! Unataka kupofuka?"

"Njoo hapa fundi, acha ushamba. Mimi natazama karatasi. Nani kakwambia natazama jua?"

Kweli, hakuwa akichungulia. Mwanga ulipita ndani ya darubini ukatua kwenye karatasi nyeupe aliyoiegesha ndani ya boksi, na pale karatasini palikuwa na jua zima, la mviringo, ukubwa wa kisosi. Juu yake kulikuwa na vidoa vyeusi, vingine kama vumbi la mkaa, vingine kama mbegu za mchicha. Nikadhani karatasi ni chafu, nikaifuta kwa kidole. Vidoa vikapanda juu ya ukucha wangu, vikatulia pale pale, kama havinijui.

Toka siku ile sikupona. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi nilipitia kwa Kanti. Viti viwili, boksi moja, penseli mbili. Yeye anachora madoa ya jua katika daftari lake, mimi langu. Alinitajia masharti kama mtu anayemkabidhi mwenzake bunduki: usichungulie jua kwa darubini hata mara moja, wala kwa jicho tupu. Sijawahi. Na wewe unayesoma usithubutu.

Baada ya wiki tatu nikamwambia, "Kanti, haya madoa yanatembea. Yanaingia ukingo huu yanatokea ukingo ule. Hili jua linazunguka kama gurudumu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wenye vitabu walishasema zamani, fundi."

"Mimi sijasoma vitabu. Mimi nimeona mwenyewe."

Akaacha kucheka. Akasema, "Haya, hapo umenishinda." Siku hiyo nilitembea mjini kifua mbele, na mpaka leo ni moja ya siku zangu.

Kanti alipofunga duka na kwenda kuishi kwa mwanawe Dar es Salaam, aliniachia darubini na viti vyote viwili. "Changu usikikalie," alisema. Kule alipanda juu ya paa la ghorofa wanapoanika nguo, akafanya vile vile kwa darubini ya macho mawili, tundu moja kaliziba. Tukawa tunachora kila mtu kwake, tunapiga picha ya karatasi, tunatumiana kwa simu. Yeye anatangulia kuandika: "Leo ngapi?"

Mwaka huo wa 2022 ndipo majibu yalipoanza kupishana. Nikituma manne, yeye saba. Nikituma matatu, yeye tisa. "Fundi, umesahau upande mzima," aliandika. Nikamjibu kwamba hewa ya Dar ni chafu, afute kioo. Naye akajibu kwamba tangu lini moshi ukajipanga makundi. Tulitaniana hivyo miezi. Ukilifungua daftari langu la mwaka ule utaona jua ambalo kila siku lina madoa katikati na upande wa kulia, na upande wa kushoto mweupe, safi, kama sahani iliyooshwa. Nilimwambia mke wangu, Mama Zuhura, kwamba jua limejigawa, upande mmoja umeacha kutoa madoa. Nilisema kwa majigambo. Nilidhani nimegundua kitu.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mvua zikiwa bado zinanyesha, Kanti alikuja kwa treni kuhudhuria harusi ya ndugu zake. Asubuhi ya kwanza akaja Itetemia, akakaa kwenye kiti chake. Tukafungua boksi, karatasi moja, jua moja.

"Chora," akasema. Nikachora. Matatu.

Akachukua penseli, akaongeza manne upande ule mweupe, akitia alama juu ya kila moja.

"Unayatoa wapi hayo?" nikamuuliza.

"Yapo, fundi. Angalia."

"Naangalia. Hamna kitu. Umeyachora wewe."

"Mbona umefumba jicho moja?"

"Ndivyo ninavyotazama."

"Fumbua na hilo jingine."

Nikafumbua la kulia. Aisee, siwezi kueleza vizuri. Madoa manne yakawa yamekaa pale, na nikajua yalikuwepo muda wote. Hayakuingia, hayakutokea, yalikuwepo. Nikafumba tena la kulia: sahani safi. Nikafumbua: manne. Nikafanya hivyo kama mara kumi. Kanti akanishika goti.

"Fundi, jua halina tatizo."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kujua kwangu. Na sasa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, maana kosa langu kubwa linaanzia hapa.

Mama Zuhura alisema jua limenichoma. "Mtu mzima unashinda na jua kama kinyonga, ulitegemea nini?" Nikamwambia sijawahi kuchungulia. Hakuniamini. Siku Kanti aliporudi Dar, mke wangu aliifunga darubini kwa kanga, akaitia kwenye sanduku lake la bati na ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo aliyovaa. Tulikaa wiki nzima tukizungumza habari ya chumvi na maji tu.

Majirani nao wakasema ni mtoto wa jicho. Kila mzee wa hapa anamjua mtu aliyetolewa mtoto wa jicho akaona tena. Na wote wanasema neno moja: mtoto hatolewi mchanga, lazima akomae kwanza. Ukienda mapema utarudishwa. Neno hilo lilinipendeza sana, kwa sababu sikutaka kwenda. Nikamwambia Zuhura alipopiga simu kunisihi: "Hajakomaa, mwanangu. Akikomaa nitakwenda."

"Baba, nani kakupima?"

"Sihitaji kupimwa, jicho ni langu."

Basi nikakaa kumlea mtoto. Kila asubuhi nilifumba la kulia nikatazama mlango wa duka kwa la kushoto, nione kama amekua. Alikuwa anakua kweli. Kwanza nilipoteza bawaba, kisha kitasa. Nikafurahi, unanisikia? Nikasema bado kidogo. Mvua zikaisha, tumbaku ikakaushwa, ikauzwa, watu wakaja na baiskeli zao kutengenezewa kwa ajili ya msimu mpya. Miezi minane.

Kilichonitoa ni ringi. Mteja wangu wa siku nyingi alirudi na gurudumu nililolinyoosha siku ile ile. Hakupaza sauti.

"Shikamoo fundi. Samahani. Naona kama inacheza."

Nikalizungusha. Nikafumba la kulia, sikuona kitu. Nikayafumbua yote mawili: lilikuwa linayumba kama mlevi. Miaka arobaini sijarudishiwa ringi. Nilimpa gurudumu jipya, nikafunga duka mchana kweupe, nikampigia Zuhura aje anipeleke hospitali.

Sasa habari za foleni. Mabenchi ya kliniki ya macho yana ukimya wake. Watu hawatazamani, kila mtu kainamisha kichwa na pamba mkononi. Wanakutia dawa ya kufungua mboni, halafu unakaa saa mbili dunia imejaa maziwa. Mwanamke mmoja kutoka Ipole, mfuga nyuki, alikaa jirani yangu akanimegea kipande cha sega la asali lililofungwa kwenye jani. Sikuiona sura yake na sitaijua. Utamu ule naukumbuka kuliko maneno ya daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, aliniita babu. Alinipima, akaandika, akanipima tena.

"Mtoto wa jicho amekomaa?" nikamuuliza.

"Babu, hakuna mtoto."

"Vipi hakuna? Nimemsubiri miezi minane."

Akaweka kalamu chini. Akasema hii ni presha ya jicho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kidogo kidogo, na kilichokwenda hakirudi. Mtoto wa jicho ungeweza kumngoja, hii haingojwi. Nikamuuliza kama ni jua. Akasema si jua. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyepofuka.

Zuhura ndiye aliyejibu: "Babu yangu."

Baba yangu alikufa kipofu. Sote tulisema ni moshi wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, maana alikoka moto humo maisha yake yote. Nakumbuka alivyokuwa akikaa mbele ya nyumba, ameelekeza uso mashariki, anapima saa kwa joto la shavu. Nyumba yetu iko karibu na ile njia ya zamani ya wapagazi, na babu yake alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa akituambia kwamba wapagazi wakienda pwani jua la asubuhi liliwapiga usoni miezi mitatu, na wakirudi liliwasukuma mgongoni, ndiyo maana waliimba zaidi wakati wa kurudi. Tulimwona anaota ndoto za mchana. Siku ile kwenye kliniki nilimtamani baba yangu kama mtoto mdogo. Nilitaka nimwambie: haukuwa moshi.

Walinipeleka Mwanza kwa vipimo zaidi. Kuna mashine unaweka kidevu, unatazama katikati, na kila taa ndogo ikiwaka pembeni unabonyeza kitufe. Mimi nilizijua njama za mashine. Nikasikiliza mlio wake, nikashika mwendo, nikawa nabonyeza kwa kufuata mlio. Nikatoka nikiwa nimejiridhisha.

Muuguzi akaitazama karatasi. "Mzee, umebonyeza mara nyingi kuliko taa zilizowaka."

Zuhura akacheka, akaziba mdomo, kisha akaanza kulia. Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikarudi kwenye kiti nikasema, "Anza upya." Safari hii nilibonyeza nilipoona tu. Kulikuwa na ukimya mrefu kati ya kubonyeza na kubonyeza, na katika ukimya ule nilijua taa zinawaka na mimi sizioni. Wakati huo ulikuwa mgumu kuliko hata upasuaji uliofuata.

Zuhura alikuwa amebeba madaftari yangu ya jua kwenye mkoba, sijui kwa nini. Daktari wa Mwanza, mtu mzima mwenye mvi kama mimi, aliyafungua moja moja. Akaweka picha ya mashine kando ya ukurasa wa mwisho. Upande uliokuwa mweusi kwenye karatasi yake ndio uliokuwa mweupe kwenye yangu.

"Fundi," akasema, na hakuniita babu, "umejichora ugonjwa wako mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Ungekuja na daftari hili la kwanza, tungeyapigania macho yote mawili."

Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda sehemu kubwa. La kulia lilikuwa limeanza. Matone yalijaribiwa, presha haikushuka, basi mapema mwaka 2024, mvua zikinyesha, wakanipasua la kulia.

Mwili ulibadilika. Niliambiwa nisiiname, nisinyanyue kitu, nisijitutumue. Mtu aliyebeba baiskeli begani maisha yake yote anafungiwa kamba za viatu na mkewe. Nilikonda. Mikono ililainika, sugu zikatoka kama maganda. Jicho lilikuwa jekundu na zito kama lina punje ya mchanga. Wiki za kwanza nilikuwa naona ukungu, na hakuna aliyeweza kuniambia kama utaondoka. Hilo ndilo nililoliogopa, kwamba nimewapa jicho langu la mwisho kwa hiari yangu na sitaliona tena doa hata moja.

Na mwaka ule, ujue, jua lilikuwa limechafuka kuliko nilivyowahi kuliona. Madoa ya jua yana zamu yake ndefu, yanapungua mpaka hakuna, kisha yanaongezeka, kwa miaka kama kumi na moja. Kilele kilikuja nikiwa nimelala chali na kikombe cha plastiki cha kukinga jicho usoni. Kanti alikuwa anapanda paa na magoti yake mabovu kila asubuhi, anachora. Alijua sioni vitu vidogo, akawa anachora kwa kalamu nene, jua moja ukurasa mzima. Picha ikifika, ilibidi Mama Zuhura ndiye aitazame.

Mwanzo alikataa. "Mimi na hilo jua lako tumeshamalizana."

"Daktari kasema si jua."

"Nimesikia." Kisha nikamsikia anavuta kiti. "Haya. Kuna moja kubwa kama punje ya haragwe. Nyuma yake vidogo vinafuatana kama vifaranga. Subiri nihesabu." Akahesabu kwa sauti, akakosea, akarudia. Kumi na tisa. Nilijifunika shuka usoni. Nilililia lile haragwe. Niliyalilia madoa yote yaliyopita juu ya karatasi ambayo haikuwepo, kwenye kibaraza changu, asubuhi baada ya asubuhi.

Toka hapo ikawa kazi yake. Na umeme ulipokatika, kile kichupa kipya cha matone kinachotaka ubaridi alikifunga kwenye mfuko akakitumbukiza mtungini, bila kuniambia. Nilikigundua nilipochota maji ya kunywa. Sikumwambia kwamba nimekiona.

Ukungu uliondoka kiangazi, polepole, kama vumbi linavyotua gari likishapita. Siku moja asubuhi nilikuta sanduku la bati limefunguliwa na darubini iko kwenye kibaraza, kanga imekunjwa kando.

Nilipanga boksi kwa kupapasa. Jua likatua karatasini. Nikafumba jicho kama nilivyozoea, nikaona giza, nikajicheka. Nilikuwa nimefumba la kulia, jicho nililolipumzisha miaka arobaini, kumbe ndilo nililobakiwa nalo. Nikafumba la kushoto. Ilikuwa kama kushika penseli kwa mkono usio wako. Sikutazama katikati tena. Nilianza ukingoni, nikalipitia jua mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia. Nikatia alama. Nikahesabu. Nikapiga picha.

Safari hii nilitangulia mimi. "Leo ngapi?"

Alikawia. Kisha: "Nane. Wewe?"

"Nane."

Hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu. Nilisikia nguo zikipigwa na upepo kule juu ya paa lake.

Zuhura alipima macho baada yangu. Presha ya macho yake imeanza kupanda. Imekamatwa mapema, anatumia matone, haoni upungufu wowote. Kwa hilo peke yake ningerudia yote. Ndugu zangu wawili wamekwenda kupimwa, mmoja amegoma, anasema anasubiri. Nimemwandikia na yeye.

Sitadanganya kwamba nimeridhika. Naitamani bawaba ya mlango wangu. Nautamani ule upande wa kushoto, watu wakinijia kutoka huko bila kunishtua. Jua sasa linaanza kusafika, na safari hii Kanti naye anasema linasafika. Zamu nyingine ikifika kileleni nitakuwa karibu na miaka themanini, na sijui kama jicho litanisindikiza. Kanti magoti hayamruhusu tena kupanda treni. Natamani tukae siku moja tu, karatasi moja, penseli mbili.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne na duka mbele yake. Spana zangu zote, pamoja na zile mbili za kwanza. Fundi kijana niliyemwajiri kunyoosha ringi, anayetazama kwa macho mawili. Mimi hukagua kwa kidole. Vichupa viwili vya matone. Madaftari kumi na moja ya jua. Jicho la kulia, na nuru kidogo ya kushoto. Darubini ndogo ya miguu mitatu, na sanduku la bati lisilofungwa. Viti viwili vya kibarazani. Kimoja changu. Kingine cha Kanti, ambacho aliniambia nisikikalie, nami sijakikalia. Asubuhi hukikalia Mama Zuhura, na kwa kuhesabu ananishinda.